Pikapu na magari ya juu: jinsi ya kuendesha salama na kubana mafuta, hatua kwa hatua

Wenye pikapu, dabo kabini na magari ya juu ya foo-wili wana malalamiko mawili yasiyoisha: gari linakunywa mafuta, na kwenye kona linatisha. Wengi wanayaona kama matatizo mawili tofauti. La kwanza wanampelekea fundi, la pili wanamwachia Mungu. Mimi naamini chanzo ni kimoja. Gari la aina hii ni zito, na limesimama juu. Uzito huo unadai mafuta kila unapoutoa kwenye mwendo mdogo kuupeleka kwenye mwendo mkubwa, na uzito huohuo ndio unaogoma kusimama unapokanyaga breki ghafla. Dereva anayejifunza kuutunza mwendo wa gari lake, badala ya kuuvunja kwa breki kisha kuujenga upya kwa mafuta, anapata salama na nafuu kwa pamoja.

Hatua ya 1: Jua gari lako linakunywa kiasi gani

Huwezi kubana usichokipima. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, kisha andika kilomita zinazosomeka kwenye dashibodi. Endesha kama ulivyozoea mpaka tangi lishuke chini ya nusu. Jaza tena, ikiwezekana kwenye pampu ileile, mpaka ijikate, na uandike lita zilizoingia. Gawanya lita kwa kilomita ulizotembea, halafu zidisha kwa 100. Ukiwa umetembea kilomita 520 na zimeingia lita 57.2, gari linatumia lita 11 kwa kilomita 100. Fanya hivyo angalau kwa mijazo mitatu kabla ya kubadili chochote, maana mjazo mmoja hudanganya: pampu imewahi kujikata, au wiki hiyo ulibeba mzigo, au ulikuwa unapanda milima.

Waliofunga tairi kubwa kuliko za kiwandani wawe waangalifu na hesabu hii. Tairi yenye kipenyo kilichozidi kwa asilimia 5 huzunguka mara chache zaidi katika kila kilomita, kwa hiyo kilomita zinasomeka pungufu na gari litaonekana linakunywa kuliko ukweli wake. Spidometa nayo inasoma pungufu kwa kiwango hichohicho. Hilo ndilo baya zaidi, kwa sababu utakuwa unakimbia kuliko unavyodhani.

Hatua ya 2: Anza na tairi, kisha zunguka gari

Kipimo cha upepo cha gari lako hakiko ubavuni mwa tairi. Namba iliyoandikwa pale ni kiwango cha juu ambacho tairi inahimili. Kipimo chako kiko kwenye kibandiko katika fremu ya mlango wa dereva, na kwa pikapu mara nyingi utakuta vipimo viwili: gari likiwa tupu, na gari likiwa na mzigo kamili. Tazama vizuri namba za tairi za nyuma, kwa sababu ndizo zinazopanda sana mzigo unapoongezeka. Anayetembea na upepo wa gari tupu huku amebeba shehena anazionea tairi zake.

Pima tairi zikiwa za baridi, asubuhi kabla ya kuondoka. Tairi ikishapata moto, upepo hupanda kwa psi kadhaa. Ukiupunguza wakati huo, kesho utaikuta iko chini. Tairi nzima isiyovuja popote hupoteza takriban psi 1 kwa mwezi, kwa hiyo kupima mara moja kwa mwezi ndicho kiwango cha chini kabisa, na spea nayo ipimwe.

Kwa upande wa mafuta, kila psi 1 inayopungua kwenye tairi zote nne inakugharimu karibu asilimia 0.2 ya umbali unaopata kwa kila lita. Ni kidogo, na sitaki kukikuza. Lakini tairi iliyopungua upepo hujikunja ubavuni kila inapozunguka, hupata moto, na ikiwa na mzigo juu yake kwenye mwendo mkubwa, ndiyo inayopasuka. Pima upepo kwa ajili ya uhai. Mafuta utakayookoa ni nyongeza.

Kuna ukaguzi mwingine usiohitaji kifaa. Baada ya mwendo mfupi ambao hukufunga breki sana, shuka usogeze kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Rimu moja ikiwa na joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, huenda breki ya gurudumu hilo inabaki imeshika hata usipoikanyaga. Breki inayoshika inakula mafuta kila mita unayokwenda, na siku ya mteremko mrefu ndiyo itakayoungua ya kwanza. Mpelekee fundi mapema.

Oili iwe ya daraja lililotajwa kwenye kitabu cha gari, kwa sababu oili nzito kuliko inavyotakiwa inaipa injini kazi ya bure. Chujio la hewa lisafishwe au libadilishwe mapema ukiwa mtu wa barabara za vumbi. Kwenye dizeli, mwaga maji yaliyojikusanya chini ya chujio la mafuta. Moshi mweusi unaotoka ukiwa umekanyaga kidogo tu ni mafuta yasiyoungua vizuri, na hayo umeshayalipia.

Kabla ya kupanda, zunguka gari kwa miguu kila mara. Boneti ya gari la juu inaweza kumficha kabisa mtoto aliyesimama mbele yake, na nyuma ya pikapu panafichika zaidi. Kamera ya kurudi nyuma inasaidia, ila haioni uvunguni wala haimwoni anayekuja mbio kutoka pembeni. Ikiwa kuna watoto nyumbani, hakikisha unajua kila mmoja yuko wapi kabla ya kuingiza gia.

Hatua ya 3: Pakia kwa hesabu

Bamba la mtengenezaji linataja uzito wa juu kabisa unaoruhusiwa kwa gari pamoja na kila kilichomo. Toa uzito wa gari tupu, na kinachobaki ndicho unachoweza kubeba, watu wakiwemo. Chukua gari linaloruhusiwa kilo 3,000 ambalo likiwa tupu lina kilo 2,000. Kilo 1,000 zilizobaki si za magunia peke yake. Watu watano wa kilo 70 wameshachukua 350, na bampa ya chuma, kenopi na winchi ulivyofunga baada ya kununua vinakatwa kutoka kwenye 650 zilizosalia. Ukiifanya hesabu hii kwa uaminifu, utagundua kuwa gari la "tani moja" likiwa na watu wake wote halibebi tani moja.

Mzigo mzito ukae chini na ukaribie kabini, mbele ya ekseli ya nyuma. Ukiuweka mkiani, unainua pua ya gari: usukani unakuwa mwepesi, tairi za mbele zinashika barabara kidogo, na taa zako zinawapiga machoni wanaokuja. Kisha ufunge kwa mikanda ya kukazia, hata kama safari ni fupi. Ukifunga breki ghafla gari litasimama, lakini mzigo usiofungwa utaendelea na safari kuelekea kwenye kioo cha nyuma ya kichwa chako.

Bodi ya pikapu si mahali pa watu. Hapa sina mjadala. Hakuna kiti, hakuna mkanda, na gari likiyumba kidogo aliyekaa ukingoni anatupwa nje. Ndani ya kabini kila mmoja afunge mkanda, waliokaa nyuma pia. Shirika la Afya Duniani linasema mkanda unapunguza hatari ya kifo kwa aliyekaa mbele kwa asilimia 45 hadi 50. Kwenye gari linalopinduka faida yake ni kubwa zaidi ya unavyoweza kufikiri, kwa sababu unakuzuia kurushwa nje.

Juu ya paa nako kuna gharama. Wizara ya Nishati ya Marekani inaeleza kuwa sanduku kubwa lililofungwa juu ya paa linaweza kupunguza umbali unaopata kwa lita kwa asilimia 2 hadi 8 mjini, na kwa asilimia 10 hadi 25 kwenye mwendo wa takriban kilomita 105 hadi 120 kwa saa. Keria tupu hailingani na sanduku, ila nayo inakata upepo kutwa nzima bila kubeba kitu. Kama unaitumia mara mbili kwa mwaka, ifungue uiweke stoo. Ukipakia juu, soma kwenye kitabu kiwango ambacho paa linaruhusu, na ukumbuke kwamba keria yenyewe ni sehemu ya uzito huo.

Ndani ya gari, toa vinavyosafiri bila tiketi: minyororo, vyuma chakavu, matofali ya kuwekea jeki ambayo hayajaguswa tangu mwaka jana. Kila kilo 45 za ziada hugharimu karibu asilimia 1 ya umbali wa kila lita kwa gari la kawaida. Kwa gari zito athari ni ndogo kidogo, lakini ipo siku zote.

Ukivuta trela, uzito unaokalia ndoano uwe takriban asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela. Ukiwa mdogo kuliko hapo, trela huanza kuyumba kushoto na kulia. Likiyumba, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani sawa, na usiifunge breki ya gari kwa nguvu. Acha mwendo ushuke wenyewe.

Hatua ya 4: Kuondoka na kubadili gia

Injini ya kisasa haihitaji kunguruma dakika kumi asubuhi ili "ipate moto". Washa, vaa mkanda, rekebisha vioo, ondoka taratibu, na usipige resi kwa kilomita chache za mwanzo. Injini hupata joto haraka zaidi ikiwa inafanya kazi nyepesi kuliko ikiwa imesimama.

Kwa dizeli yenye turbo, nguvu nyingi iko chini, mara nyingi kati ya mizunguko 1,500 na 2,500 kwa dakika. Kwa hiyo kwenye tambarare badili gia karibu na 2,000. Ukisubiri 3,500 unapata kelele na bili. Petroli inataka mizunguko mingi kidogo, lakini 2,500 inatosha kwa mwendo wa kawaida. Kwa upande mwingine, usiibane injini. Ukikanyaga sana ukiwa kwenye gia ya juu, mizunguko iko chini ya 1,200 na gari linatetemeka, unaiumiza injini na huokoi kitu. Teremsha gia.

Kwenye gari la otomatiki, kanyaga kwa kiasi mpaka lichanganye, kisha legeza mguu kidogo. Mara nyingi gia itapanda yenyewe mapema.

Ukisimama kusubiri mtu, zima injini. Injini inayonguruma bila gari kutembea huchoma takriban lita 1 hadi 2 kwa saa, kutegemea ukubwa wake na kama AC imewashwa, na kusimama kwa zaidi ya sekunde 10 tayari kunakula mafuta mengi kuliko kuwasha upya. Bila shaka usizime ukiwa kwenye foleni inayosogea sogea au mahali ambapo lazima uondoke haraka. Turbo nayo ina haki yake: ukitoka kwenye mwendo mkali au kupanda mlima na mzigo, iachie injini dakika moja ndipo uzime. Na usiwahi kuacha injini ikiwaka ndani ya gereji iliyofungwa, kwa sababu gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa ekzosi inaua bila harufu ya kukuonya.

Dizeli nyingi mpya zina chujio la masizi kwenye ekzosi, nalo hujisafisha likipata joto la safari ya kutosha. Gari linalozunguka mitaani tu halilipi nafasi hiyo. Taa yake ikiwaka, fuata kitabu, ambacho kwa kawaida kitakuambia uendeshe kwa mwendo wa wastani bila kusimama kwa muda fulani, na usizime injini katikati ya kazi hiyo.

Hatua ya 5: Tazama mbali, linda mwendo wako

Hapa ndipo penye faida kubwa kuliko kwingine kote, na hapahitaji senti. Kila unapokanyaga breki, mwendo ulioulipia kwa mafuta unageuka kuwa joto kwenye disiki na kupotea hewani. Breki nyingi za kila siku hazikuwa za lazima. Zilitokana na dereva kutazama taa za nyuma za gari lililo mbele yake badala ya kutazama barabara.

Faida ya kukaa juu ni kwamba unaona mbali kuliko wenye magari madogo. Itumie. Tazama magari matatu au manne mbele, tazama taa za barabarani zilizoko mbali, watu wanaokaribia kivuko, basi linalowasha indiketa kuingia kituoni, tuta. Ukiona taa nyekundu mita mia mbili mbele, ondoa mguu kwenye mafuta sasa hivi, liache gari kwenye gia, na lipungue lenyewe. Mara nyingi utafika taa imeshageuka kijani huku gari bado linatembea. Kulitoa gari la tani mbili kwenye kilomita 25 kwa saa ni kazi ndogo sana kuliko kulitoa kwenye sifuri.

Liache kwenye gia, narudia. Imani ya kuweka niutro kwenye mteremko ili kubana mafuta ni ya zamani na kwa magari ya leo ni kinyume. Injini yenye injekta za kielektroniki, gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa nje ya mafuta, hukata mafuta kabisa mpaka mizunguko ishuke karibu na ile ya injini inayonguruma gari likiwa limesimama. Ukiweka niutro, injini lazima ichome mafuta ili isizimike. Zaidi ya hapo, umepoteza msaada wa injini katika kupunguza mwendo, na likitokea jambo la kukutaka ukimbie huna gia ya kukimbilia.

Nafasi kati yako na wa mbele ndiyo inayowezesha haya yote. Chagua nguzo au alama barabarani. Gari la mbele likiipita, hesabu kwa mwendo wa kawaida "mia moja na moja, mia moja na mbili, mia moja na tatu". Ukiifikia nguzo kabla ya kumaliza, uko karibu mno. Ukiwa na mzigo, mvua, vumbi au giza, ongeza ifike sekunde nne, tano au zaidi. Watakuja watu wa kujipenyeza kwenye nafasi hiyo. Waache wapite, kisha ijenge upya. Anayekukera kwa kujipenyeza hachukui zaidi ya sekunde chache za safari yako.

Kwenye foleni, fanya vivyo hivyo kwa kipimo kidogo. Badala ya kuruka na kusimama kila mita tano, acha nafasi, tembea polepole kwenye gia ya kwanza au ya pili mfululizo. Klachi itakushukuru pia.

Hatua ya 6: Safari ndefu na mwendo

Upepo unaokupinga hauongezeki sawa na mwendo. Unaongezeka kwa mwendo ukizidishwa na mwendo. Kutoka kilomita 90 kwenda 110 kwa saa, nguvu ya upepo inapanda karibu asilimia 50. Gari dogo lililochongoka linavumilia. Pikapu yenye uso mpana na uvungu wazi inalipa kila shilingi ya ongezeko hilo. Na unachopata ni nini? Kwenye kilomita 100 nzima, tofauti kati ya mwendo wa 90 na wa 110 ni dakika 12 tu, tena barabara ikiwa nyeupe bila lori wala tuta.

Upande wa usalama unatisha zaidi. Tuchukue dereva anayetumia sekunde 1.5 kutambua hatari na kufika kwenye breki, lami kavu na breki nzima. Akiwa kwenye 80 atasimama ndani ya mita 69 hivi. Akiwa kwenye 100 anahitaji mita 97. Maana yake, pale ambapo wa 80 ameshasimama, wa 100 bado anapita kwa takriban kilomita 70 kwa saa. Mtu aliyesimama pale atagongwa kwa mwendo huo. Lami ikiwa imelowa au gari likiwa na mzigo, umbali wote unarefuka.

Chagua mwendo unaoruhusiwa ambao injini yako inatulia, kwa mengi ya magari haya kati ya 80 na 95, na uushikilie. Kidhibiti mwendo kinasaidia kwenye tambarare kavu. Kizime kwenye vilima, kwa sababu kinakanyaga mafuta kwa nguvu kupanda bila kuona kilele, na kizime kabisa kwenye mvua.

Suala la AC au madirisha halinisumbui sana: mwendo mdogo mjini fungua vioo, mwendo mkubwa funga vioo uwashe AC. Gari likiwa limeiva juani, fungua milango kwanza joto litoke. Na kila baada ya saa mbili simama dakika 15, ushuke, utembee. Dereva aliyechoka anabonyeza na kuachia mafuta bila mpangilio, na anachelewa kuona.

Hatua ya 7: Kona na ukingo wa barabara

Mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, hupima uthabiti wa gari kwa kugawanya nusu ya upana kati ya magurudumu ya kushoto na kulia kwa kimo cha kitovu cha uzito. Magari madogo mengi hupata kati ya 1.30 na 1.50. Pikapu na magari ya juu huwa kati ya 1.00 na 1.30. Namba ikiwa ndogo, gari linapinduka kirahisi zaidi. Ukipakia paa au ukiliinua gari, unaishusha namba yako kwa mkono wako mwenyewe.

Maliza kupunguza mwendo kabla ya kona, gari likiwa bado limenyooka, kisha ingia na mguu mwepesi kwenye mafuta. Nguvu inayokusukuma nje ya kona nayo hukua kwa mwendo ukizidishwa na mwendo: kona uliyoizoea kwa 60, ukiipiga kwa 80 inakusukuma karibu mara 1.8. Kwenye mvua, pikapu tupu ina mkia mwepesi na ukikanyaga mafuta ghafla nyuma inateleza. Kilo chache za mzigo uliofungwa vizuri zinasaidia, lakini mguu laini unasaidia zaidi.

Ajali nyingi za kupinduka hazianzii kwenye kona. Zinaanzia tairi za upande mmoja zinaposhuka kwenye lami na kuingia kwenye changarawe. Dereva anashtuka, anauvuta usukani kwa nguvu, tairi zinashika lami ghafla, gari linakatiza barabara au linalala ubavu. Ikikutokea: shika usukani kwa mikono miwili, ondoa mguu kwenye mafuta, usifunge breki kwa ghafla, nenda sambamba na lami mpaka mwendo ushuke, tazama kama barabara iko wazi, kisha rudi taratibu. Ifikirie mapema ukiwa umetulia, upange utakavyofanya, maana likitokea hakuna muda wa kufikiri.

Gari lenye ABS, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki, hatari ikitokea mbele, kanyaga breki mpaka mwisho na uendelee kukanyaga. Kutetemeka kwa pedali ni kazi ya ABS. Usiiachie, bado unaweza kugeuza usukani kukwepa.

Hatua ya 8: Milima

Kupanda, chukua mwendo kabla ya kilima na uruhusu upungue kidogo unapokaribia kilele. Kung'ang'ania mwendo uleule hadi juu ni kuchoma mafuta mengi kwa sababu ya sekunde chache. Kushuka, teremsha gia kabla mteremko haujaanza. Gia uliyopandia ni makisio mazuri ya gia ya kushukia. Iache injini ishike gari, na breki ikanyagwe kwa vipindi, kwa uthabiti, kisha iachiwe ipoe. Breki iliyoshikiliwa mfululizo inapata moto mpaka inakosa kushika. Otomatiki nayo ina nafasi ya gia za chini, tafuta ilipo kwenye gari lako kabla hujaihitaji. Ukumbuke pia kwamba muda huo wote wa kushuka kwenye gia, injini haili mafuta.

Hatua ya 9: Foo-wili, tope, mchanga na maji

Foo-wili inakusaidia kuondoka na kupanda. Haikusaidii kusimama hata kidogo, kwa kuwa breki za kila gari ziko kwenye magurudumu yote manne. Anayekimbia kwenye utelezi kwa kuamini 4H, yaani foo-wili ya mwendo wa kawaida, ataligundua hilo kwenye breki ya kwanza.

Magari mengi ya kazi yana foo-wili ya kuingiza kwa mkono, isiyo na difu ya katikati. Kwenye kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma, na tofauti hiyo kwenye tope au changarawe hutoka kwa tairi kuteleza kidogo. Kwenye lami kavu haina pa kutokea: usukani unakaza, shafti na gia zinabanwa, mafuta yanaliwa. Kwa hiyo lami kavu ni 2H, yaani injini izungushe magurudumu mawili tu. Ingiza 4H kabla ya kuingia kwenye tope, si baada ya kukwama. 4L ni ya mwendo wa polepole wenye kazi nzito, kama miteremko mikali, mawe na kuvuta gari lililokwama.

Kwenye mchanga laini, punguza upepo hadi kati ya psi 16 na 20 ili tairi itandaze uso wake. Nenda bila kukata kona kali, na ujaze tena kabla ya kurudi kwenye mwendo mkubwa. Compresa ndogo ya kuchomeka kwenye betri inastahili nafasi yake garini.

Maji ndiyo ninayotaka uyaogope. Idara ya hali ya hewa ya Marekani inaonya kuwa maji yanayokwenda kasi yenye kina cha sentimita 30 yanatosha kuyainua magari mengi madogo yakaelea, na sentimita 60 yanaweza kuyachukua magari mengi, pikapu na magari ya juu yakiwemo. Kimo cha gari hakikuokoi, kwa sababu mwili wake mkubwa unayapa maji mahali pa kusukuma. Barabara ikiwa imefunikwa na maji yanayopita kasi, geuka au subiri. Maji yaliyotulia, pima kina kwa fimbo, ujue tundu la kuvutia hewa la injini yako liko kimo gani, ingiza gia ya chini, na uvuke kwa mwendo wa mtu anayetembea bila kubadili gia katikati. Injini ikizimika ndani ya maji usiiwashe tena. Maji yakiwa yameingia kwenye silinda hayashindiliki, na kitakachopinda ni chuma. Ukishavuka, kanyaga breki kidogo kidogo zikauke, na siku chache baadaye angalia oili ya difu. Ikiwa na rangi ya maziwa, imeingia maji.

Kabla ya kutoa pesa

Wauzaji wa sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta, vidonge vya kutia kwenye tangi na visanduku vya kuchomeka kwenye soketi hawaishi. Shirika la mazingira la Marekani, EPA, limetathmini au kupima zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kubana mafuta na halikupata kinachopunguza matumizi kwa kiasi cha maana. Viache.

Mlango wa bodi nao usiufungue ukidhani upepo utapita. Ukiwa umefungwa, hewa hujizungusha ndani ya bodi na kutengeneza mto ambao upepo wa juu unateleza juu yake. Ukiufungua unauvunja mto huo, na mzigo unapata njia ya kuangukia barabarani. Turubai au kifuniko kilichokazwa vizuri kinaweza kusaidia kidogo kwenye mwendo mkubwa.

Na kuliinua gari kwa spesa na kulivisha tairi kubwa za tope kunapendeza macho, lakini kama njia yako ni lami kwa sehemu kubwa ya mwaka, unalipia mwonekano huo kwa mafuta, kwa breki na kwa uthabiti kwenye kona. Pesa hiyohiyo inanunua shokapu nzima na tairi nne za kipimo cha kiwandani.